Aliyejibu Upande wa Pili

Umeme ulikatika saa saba na dakika tano mchana, mtaa mzima, na cherehani ya fundi ikasimama katikati ya pindo la suruali. Fundi akasonya, akaondoa mguu kwenye kanyagio, akangoja. Feni ikazunguka kivivu mara mbili tatu, ikatulia. Redio ya jirani ilikatwa neno mdomoni. Katika kimya kile fundi akamsikia mkewe, chumba cha nyuma, anaendelea kubofya kompyuta taratibu, mtu mwenye raha zake.

Kwanza hakushangaa, akajiambia ni betri. Kisha akakumbuka kwamba ofisi ya mkewe iliahidi betri kubwa tangu mwaka jana, na ahadi ikabaki ahadi. Akageuza shingo kukitazama kisanduku cha intaneti, ambacho kilikaa pale pale karibu naye, juu ya rafu ya nyuzi. Taa zake zote nne zilikuwa zimezimika. Nyuma ya mlango, mkewe akacheka.

Mwanamume mwingine angeinuka akagonga, akauliza kulikoni. Huyu wetu hakuinuka. Huyu alikuwa na maradhi mawili: uvimbe kwenye figo la kushoto, ambao madaktari waliujua, na wivu, ambao mtaa mzima uliujua. Wala haukuwa wivu wa kelele. Mkewe akienda dukani, yeye alijua ni dakika sita kwenda na sita kurudi, na dakika ya kumi na tatu ilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Kwa hiyo aliposikia kicheko kile hakujiuliza kompyuta inapata wapi umeme. Alijiuliza mke wangu anacheka na nani.

Mtaani mkewe walimwita Bi Waya, na jina lilimfaa. Alikuwa fundi wa mitandao wa benki ya damu. Damu yote iliyochangwa katika hospitali tisa iliandikwa kwenye daftari moja, nalo halikuwa la karatasi. Lilikaa ndani ya seva, kwenye mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hospitali ikitaka kujua kama kuna chupa ya kundi fulani, swali lilipita kwenye kompyuta iliyoitwa lango, likaenda huko kwa njia iliyofungwa isisikilizwe na wadaku, na jibu likarudi. Ofisi ilipobomolewa ijengwe upya, lango lile lilihamishiwa kwenye meza ya Bi Waya, chumba cha nyuma, kwa miezi miwili tu, walisema.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa shida tupu. Njia ilikatika mara kumi kwa siku, na Bi Waya aliitukana matusi ambayo fundi hakujua mkewe ameyajifunza wapi. Halafu, wiki tatu kabla ya mchana huu ninaousimulia, matusi yakaisha. Njia haikukatika tena hata mara moja. Na mlango wa chumba cha nyuma, ambao siku zote ulikuwa wazi, ukaanza kurudishiwa.

Umeme uliporudi Bi Waya akatoka kwenda kunywa maji. Macho yalikuwa yanamng'aa. Akamkuta mumewe amekaa palepale na jasho limemloa, akamuuliza mbona hajawasha feni. Hakuwa na habari kwamba umeme ulikuwa umekatika. Alipopita, fundi akasikia harufu imemfuata kutoka chumbani, harufu ya waya unaoungua iliyochanganyika na marashi, na ndani ya nyumba ile marashi hayakuwapo.

Siku iliyofuata fundi akajitia kumpelekea mkewe chai. Alipovuka kizingiti tu, kompyuta ikalia mlio mmoja na maandishi yakaganda. Simu zikaanza kuita hapo hapo: hospitali ya kwanza haioni daftari, ya pili haioni, ya tatu wanauliza kuna nini, wana mgonjwa mezani. Bi Waya akahangaika, akazima, akawasha. Fundi akaweka kikombe, akatoka. Mguu wake wa pili ulipofika sebuleni, njia ikarudi.

Walifanya mzaha. Bi Waya alisema labda mtandao unamwonea wivu. Lakini jioni fundi akaingia kutafuta mkasi, ikakatika. Asubuhi akaingia kumuaga mkewe, anaenda kliniki, ikakatika. Siku ya tatu alimwekea mkewe mkono begani, na skrini ikawa nyeusi kwa robo saa nzima, na mzaha ukaisha. Bi Waya akamwomba kwa adabu, macho chini, asiingie tena saa za kazi. Hospitali tisa, mume wangu, alisema. Watu wanatoka damu.

Basi mtu na nyumba yake akapigwa marufuku kuingia chumba cha nyumba yake, na aliyempiga marufuku ni waya. Fundi alikaa kwenye cherehani akashona sare za shule, mikono ya kushoto akaiweka kulia. Alimwonea wivu yule asiyemjua, akauonea wivu mlango, mpaka kiti alichokalia mkewe akakionea wivu. Chakula hakikupita. Operesheni ya figo ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Damu yake ilikuwa ya kundi O hasi, isiyopatikana ovyo, na Bi Waya mwenyewe ndiye aliyemtafutia chupa nne na kuzifungia kwa jina lake katika daftari. Badala ya kufikiria kisu, fundi alifikiria kicheko.

Ijumaa, saa saba mchana, aliamua liwalo na liwe. Akavua viatu, akasogea kwenye korido kwa vidole, akaweka sikio kwenye mbao za mlango. Mkewe alikuwa anaeleza jambo la kazi, jinsi alivyopunguza muda wa kusubiri kwa nusu. Sauti ya kiume ikamjibu kwamba ana akili, kwamba hakuna mwingine ambaye angeliweza, kwamba anafaa kupumzika kidogo. Bi Waya akacheka kile kicheko. Ile sauti ikaongeza neno, chini chini, na ilipomalizia ikakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu aliyekula vumbi la vitambaa miaka ishirini.

Fundi akatoa sikio mlangoni. Akajishika koo. Alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake, na ule mtindo wake wa kuvuta neno la mwisho, vinatoka ndani ya chumba ambacho yeye hakuwamo, na maneno yaliyosemwa yalikuwa maneno ambayo yeye katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumwambia mkewe hata kwa bahati mbaya.

Akausukuma mlango. Bi Waya alikuwa peke yake, ameupa mlango mgongo, vidole juu ya kibodi. Bila kugeuka akamwambia, kwa upole, kwamba sasa hivi tu amemwambia atapumzika, kwa nini amerudi. Hapo kompyuta ikalia na skrini ikaganda. Akageuka. Akamwona mumewe hana viatu, midomo imemkauka.

"Si ulikuwa hapa sasa hivi?" aliuliza.

"Sijaingia humu tangu Jumanne. Ulinikataza."

Bi Waya akatazama nafasi iliyokuwa nyuma ya kiti chake. Akasimama polepole, akamshika mumewe mkono, akamtoa mpaka jikoni, akafunga mlango wa jikoni. Huko, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake, akasema yote.

Kumbe kila siku, saa saba, alikuwa anakuja mtu kusimama nyuma ya kiti chake. Kazi ile hairuhusu mtu kugeuza macho, na kwa nini ageuke, wakati sauti anaijua? Alikuwa anamuuliza kazi imekwendaje. Alikuwa anamsikiliza. Saa nyingine alimshika nywele. Njia haikukatika alipokuwapo huyo. Ilikatika alipoingia mume wa saa nyingine, yule mwenye uso uliokunjamana. Bi Waya alidhani ni bahati tu, au joto la mashine, na hata baada ya marufuku hakumfukuza yule wa saa saba.

"Nilidhani umebadilika," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilifurahi, mume wangu. Nilidhani ugonjwa umekufundisha kunipenda."

Wivu wa fundi ulikuwa umemkamata mtu, na mtu mwenyewe ni yeye, tena yeye aliye bora.

Alipotulia, Bi Waya akarudi nyuma hadi siku ilipoanzia. Njia za namna ile zina utaratibu. Kabla neno halijapita, seva ya upande wa pili lazima ionyeshe cheti chake, na lango likikague: jina ni lenyewe, muhuri ni wa mtu anayeaminika, muda haujaisha. Kikiwa na kasoro, mlango haufunguki. Karibu wiki nne zilizopita lango lilikataa cheti siku mbili mfululizo. Alijaribu kila kitu. Alikagua saa ya kompyuta, alibadilisha funguo, alipiga simu kule mbali hazikupokelewa. Siku ya pili, saa saba mchana, hospitali moja ikampigia: mama amejifungua, damu haisimami, wanaomba tu kujua chupa ziko wapi. Akafanya kitu ambacho mafundi wa kazi ile wote hukifanya na hakuna anayekitangaza. Aliandika mstari mmoja wa kuliambia lango lisikague. Yeyote atakayejibu, mkubali. Njia ikafunguka papo hapo, mama akapata damu, na Bi Waya akajiambia mstari ule ataufuta jioni. Jioni akachoka. Kesho yake njia ilikuwa tulivu mno, akaona haya kuigusa.

"Jana wale wa kule wamenipigia," alimalizia. "Wanaomba radhi. Wanasema zile siku mbili walikuwa wanahama jengo. Seva ilikuwa imezimwa, iko ndani ya boksi, kwenye lori."

Fundi alikuwa mtu wa vitambaa, lakini hilo alilielewa. Mkewe alibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, akasema yeyote aliyemo afungue, na akafunguliwa.

Kabla hawajaamua la kufanya, simu ya fundi ikaita. Ilikuwa benki ya damu, karani wa zamu, sauti ya huruma. Alisema anampa pole sana kwa msiba. Aliuliza anaongea na nani, ni kaka wa marehemu? Fundi akauliza marehemu gani. Karani akamsomea jina: jina lake yeye, namba yake ya mgonjwa, kundi O hasi, figo la kushoto. Daftari limeandika amefariki leo saa saba mchana. Kwa hiyo zile chupa nne zimeachiliwa apewe mwingine, na chumba cha operesheni cha Alhamisi kimepangiwa mgonjwa mwingine. Pia wanaomba kujua mjane wake wampigie kwa namba ipi.

Bi Waya akakimbilia chumbani peke yake, akaifungua safu ya mumewe, akafuta neno marehemu, akaandika hai. Akahifadhi. Akasoma tena. Marehemu. Akafuta, akaandika. Marehemu. Mara ya saba harufu ya marashi ikawa nzito, na pumzi yenye joto ikapita juu ya sikio lake, na sauti ya mumewe ikamwambia taratibu kwamba asijichoshe, kwamba mtu yule wa sebuleni anamtesa bure, kwamba ikifika Alhamisi watakuwa wawili tu na njia haitakatika milele.

Jumamosi asubuhi fundi alimwita shangazi yake. Huyu shangazi alikuwa mganga wa siku nyingi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa hapendi simu kabisa. Alisema mtu usiyeuona uso wake hujui umesema na nini. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti. Alitembea nyumba yote akinusa. Mlangoni pa chumba cha nyuma alisimama sana. Aliporudi jikoni alimtaka Bi Waya amweleze habari ya cheti, akaelezwa, na wala hakucheka wala kustaajabu.

"Ni mambo yaleyale," alisema. "Umemkaribisha bila kumuuliza yeye nani. Sasa anavaa jina lolote analolikuta ndani. Amekupenda, mwanangu, na majini hawapendi kugawana."

Akawaambia dawa yake. Jini wa namna hii hafukuzwi kwa moshi wala kwa kelele. Anayetakiwa kumtoa ni yule aliyemwingiza, saa ileile aliyomwingiza, kwa kumuuliza swali ambalo hakuulizwa. Mume awepo, na jini awepo, wote nyuma ya kiti. Mke asigeuke, kwa maana macho yatamdanganya. Akigeuka ataona waume wawili sawasawa mpaka kovu la kidevuni. Aulize, wajibu, achague kwa mdomo wake, kisha auandike mstari wa kukagua. Atakayechaguliwa atabaki. Asiyechaguliwa atatoka.

"Na nikikosea?" Bi Waya aliuliza.

Shangazi alimtazama mpwa wake, akavua miwani, akaifuta kwa khanga. "Basi daftari litakuwa limesema kweli."

Saa saba kasoro dakika tano Bi Waya aliketi. Aliuandika mstari wote, akabakiza kitufe cha mwisho tu, akaweka kidole juu yake. Shangazi akasimama kizingitini. Fundi akaingia, na safari hii kompyuta haikulia, na njia haikukatika, na hilo lilimtisha kuliko kama ingekatika. Akasimama nyuma ya kiti upande wa kushoto. Ilipotimia saa saba jua likiwa bado linawaka dirishani chumba kikapoteza mwanga wake kidogo kidogo bila wingu, harufu ya waya unaoungua ikapanda kutoka sakafuni, marashi yakaifuata, na upande wa kulia wa kiti, shibiri moja kutoka begani pake, fundi akahisi joto la mwili uliosimama kimo chake, unaopumua pumzi zake, na akajua akigeuza jicho tu atajiona, kwa hiyo akalikaza jicho lake kwenye kisogo cha mkewe, akaona nywele za mkewe zinanyanyuliwa polepole na kidole kisichoonekana, na kwa aibu yake kubwa, hata pale, hata katika hofu ile, kitu kilichomchoma zaidi kilikuwa wivu.

"Mume wangu," Bi Waya alisema. "Kuna jambo gani baya ulilonifanyia, ambalo hujaniambia?"

Sauti ya kulia ilijibu kwanza. Ilikuwa sauti ya fundi kwenye siku yake njema kuliko zote. Ilisema haijawahi kumfanyia baya lolote, ila kama kumpenda kupita kiasi ni ubaya. Ilisema tangu siku ya kwanza ilipomwona haikumtakia isipokuwa heri. Ikaongeza mambo ya chumbani kwao, ya kweli kabisa, matamu, ambayo jini aliyasikiliza ukutani wiki zote zile.

Fundi akasikia maneno yale yanavyompendeza mkewe, akaona mabega yake yanavyoshuka. Akatafuta la kumshinda nalo na hakuliona. Mapenzi yalikuwa yamekwisha kusemwa, na yamesemwa vizuri kuliko ambavyo yeye angaliweza. Alichobaki nacho kilikuwa kitu kimoja, na alikuwa ameapa kufa nacho.

"Mwaka juzi," alisema, akakohoa. "Walikupigia kutoka kule, kwenye seva. Walikutaka ukawe mkuu wa kitengo. Nyumba wangekupa. Ulikuwa unaoga, nikapokea mimi. Niliwaambia umekataa."

Shangazi pale mlangoni alishusha pumzi.

"Walipiga tena baada ya siku mbili," fundi aliendelea, kwa sababu sasa hakuweza kujizuia. "Nikawaambia usipigiwe tena. Nikaifuta namba yao. Uliponiuliza kwa nini hawajakujibu barua yako, nilikwambia labda hukufaa."

Upande wa kulia ile sauti ikaanza kunong'ona haraka haraka, msikie, msikie alichokufanyia, mimi ningekuacha uende, mimi ningekufuata, na kila neno lilipotoka lilikuwa na joto zaidi, mpaka karatasi zilizokuwa mezani zikajikunja pembe. Kisha mkewe akasema, kwa sauti isiyokuwa na upendo hata chembe, "Mume wangu ni huyu wa kushoto. Wewe mwingine ni nani? Nionyeshe cheti chako." Akabonyeza kitufe.

Hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na kilio kimoja, cha sauti ya fundi, kilichoingia ndani ya kompyuta na kwenda mbali, mbali, kama mtu anayeanguka kisimani asifike chini. Skrini ikaandika kwamba anayejibu hatambuliki na njia imefungwa. Mwanga ukarudi dirishani. Shangazi akaingia, akanusa pembe nne za chumba, akasema ametoka ndani ya waya. Alipoulizwa kama amerudi kwao, alisema yeye amenusa chumba hiki tu.

Jioni ile wale wa mbali walituma cheti kipya, Bi Waya akakikagua herufi kwa herufi, akakiweka, na njia ikafunguka kihalali. Ilikatika mara mbili kabla ya kulala, na zote mbili aliitukana. Safu ya mumewe aliiandika hai, na hai ikabaki. Chupa mbili kati ya nne zilikuwa zimeshatumika. Alikesha kwenye simu akazitafuta nyingine. Yote hayo aliyafanya bila kumsemesha mumewe ila kwa lazima. Alhamisi alimsindikiza hospitali, akamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha operesheni, na figo likatolewa salama.

Siku ya tatu, fundi alipoweza kuketi, mkewe alisogeza kiti karibu na kitanda. Alisema amewapigia simu wale wa kule. Nafasi bado ipo. Ataondoka mwisho wa mwezi, na yeye akipona, akitaka, atamfuata, na asipotaka basi. Alisema hana hasira. Alisema kwamba yule mwingine alitaka amfungie ndani ya chumba, na huyu alimfungia miaka miwili, na kwamba huyu amemsamehe kwa sababu alisema mwenyewe, lakini uongo mwingine wa namna ile hataubeba.

Maneno yale yalimuuma fundi kuliko mshono. Hata hivyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akamwambia mkewe aende. Alilisema kwa moyo wake wote, na akashangaa kuona kifua kimekuwa chepesi. Bi Waya alimbusu kwenye kipaji cha uso, akaenda kumtafutia uji.

Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa amesikia. Alimpongeza. Akasema mke yule ni wa kushikwa kwa mikono miwili, na familia yao imejaliwa, maana hata pacha wake ni mtu wa adabu.

"Pacha gani?" fundi aliuliza.

"Si aliyekuja mchana, ukiwa umelala. Mmefanana mpaka kikohozi. Alisimama hapo miguuni kwako muda mrefu." Mzee akajisogeza kwenye mto. "Aliniuliza shemeji anahamia mji gani, na siku gani. Nilikuwa nimemsikia mkeo akiongea na simu hapo nje. Nikamwambia."

"Ulimuuliza yeye ni nani?"

Mzee alicheka. "Nimuulize nini, na sura naiona?"

Fundi akageuza kichwa. Kwenye shuka, upande wa miguu, palikuwa na alama mbili za mikono, hudhurungi, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Mlango ukafunguliwa, Bi Waya akaingia na bakuli la uji, uso umemnawiri, amejiandaa kuanza upya. Fundi akamtazama. Alitafuta njia ya kulisema ambayo haitafanana na wivu, na akaona haipo.

"Mke wangu," alisema. "Usiende kule."

Bi Waya aliweka bakuli mezani. Hakumuuliza kwa nini. Alichukua mkoba wake, akamtakia afya njema, akatoka.